Namna ya kuitafutia kaunti pesa bila kumwongezea mtu kodi

Maji hayafuati saa za ofisi. Babangu, nahodha wa jahazi la boriti, alikuwa akilisema neno hili kila mara, lakini mimi nililielewa siku ya tatu ya kazi yangu ya kukata risiti za ushuru. Nilifika gatini saa mbili asubuhi kama nilivyoagizwa, na kitabu kipya na kalamu mbili. Nikakuta gati limeshafagiliwa. Mashua nne zilikuwa zimeingia na maji ya alfajiri, zikashusha simiti, unga na kreti za soda, punda wakabeba, wenyewe wakaenda zao. Hakuna aliyenikimbia. Mimi ndiye niliyechelewa, na niliendelea kuchelewa miezi kadhaa kwa sababu ratiba yangu iliandikwa na mtu asiyeijua bahari.

Kazi hiyo niliifanya miaka 22, magatini, madikoni wanaposhusha samaki wavuvi, na sokoni katika mwambao huu. Ofisi sitaitaja. Sasa nimestaafu, niko kwetu Langoni, Lamu, na kila mwaka Mswada wa Fedha wa kaunti unapokaribia, vijana huja barazani kwangu kuniuliza waende kusema nini kwenye kikao cha maoni. Wengi huja na neno moja: hatutaki. Nawaelewa. Juni 2024 nchi nzima iliona vijana walivyojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa serikali kuu, wengine wakapoteza maisha, na Rais akakataa kuutia sahihi. Mtu aliyebanwa ana haki ya kusema amebanwa. Ila ukisema hatutaki ukaenda zako, kaunti bado ina wauguzi wa kulipa, na mwakani itarudi na ada ile ile kwa jina jingine. Mimi nataka uende na daftari. Uwaonyeshe pesa zilipo.

Kwanza jua uwanja wenyewe. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha ni za serikali kuu. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Maana yake, kaunti kama Lamu, ambayo sensa ya 2019 iliihesabu watu 143,920, haina wengi wa kuwaongezea. Mwenye kibanda cha mahamri ni yule yule, mwenye mashua ni yule yule. Ukimpandishia ada mtu wa pale pale kila mwaka, siku moja atashusha mzigo wake usiku.

Anza kwa kuhesabu gati

Hii ndiyo kazi ya maana kuliko zote, na ndiyo watu huiruka kwa sababu inachosha. Tafuta vijana wawili, daftari la kurasa 96 na saa. Mwambieni chifu, na mwambieni mwenyekiti wa kikundi cha diko. Lamu ina ulinzi mkali, na mtu anayeandika andika gatini alfajiri bila kujulikana atapata taabu bure. Mwambieni na karani wa ushuru pia. Karani si adui yenu. Mara nyingi yeye ndiye anayejua pengo liko wapi, na hajawahi kuulizwa.

Chorea ukurasa safu tano: saa, chombo, mzigo, idadi, risiti. Usiandike majina ya watu. Kaeni siku tatu zisizofanana: moja ya bamvua, moja ya maji mafu, na Ijumaa moja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, na saa nne asubuhi, karani akiwa mezani, maji yamekupwa na gati limelala. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo karani wa saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni kuna siku atapata vyombo vyote na kuna siku hapati hata kimoja, na mkubwa wake akitazama hesabu atadhani karani ni mwizi. Mimi nilishadhaniwa hivyo. Sijasahau.

Mkishapata siku zenu tatu, chukueni Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo, fungueni jedwali la viwango nyuma, mtie kiwango mbele ya kila mzigo. Tuseme mlihesabu magunia 240 ya bidhaa inayotozwa shilingi 20 kwa gunia. Ilipasa ziingie 4,800. Mkiona risiti za magunia 90 tu, zimeingia 1,800. Pengo ni 3,000, siku moja, gati moja, aina moja ya mzigo.

Hapa vijana hupata moto wakazidisha kwa siku 365. Msifanye hivyo. Kusi ikivuma, bahari ikachafuka, vyombo hupungua sana, na mtu wa fedha anayejua kazi yake atawauliza kuhusu Juni na Julai, hesabu yenu yote ivunjike mbele ya watu. Andikeni tu: siku hizi tatu, gati hili, pengo ni hili, tunaomba kaunti ihesabu mwezi mmoja wa kaskazi na mmoja wa kusi. Pendekezo dogo lililo kweli hupita mahali ambapo kubwa lenye chumvi hukwama.

Kisha ulizeni kwa nini. Katika miaka yangu sababu zilikuwa hizi, na wizi haukuwa wa kwanza. Ya kwanza ni maji na saa, nimeshaisema. Dawa yake ni kupanga zamu kwa jedwali la maji, ambalo hutolewa la mwaka mzima, na kumlipa karani wa alfajiri nauli yake. Ya pili ni chenji. Nahodha mmoja aliniambia, nami nina noti ya elfu yake mkononi: "Bi Karani, mimi kulipa nataka. Lakini we huna chenji, nami nna mai ya kuwahi." Akaondoka, na alikuwa na haki, kwa sababu mlango wa bahari ukikauka angelala hapo. Ya tatu ni vitabu vya risiti kwisha katikati ya mwezi, tukaandika kwenye karatasi. Karatasi hiyo hupotea, na ikipotea hakuna wa kuulizwa.

Malipo kwa simu yameondoa shida ya chenji. Lakini angalieni namba inayolipiwa. Iwe namba ya kaunti, imepigwa rangi kwenye ubao mkubwa pale gatini, kila mtu aione, wala si namba aliyoitaja mtu kwa mdomo. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka pesa zote za kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, ila zile ambazo sheria imezitoa. Pesa ikipumzika njiani kwenye simu ya mtu, hata kwa nia njema, hiyo si pesa ya kaunti tena.

Na kuna jambo nililolitamani miaka yote sikulipata. Mvuvi ana pesa kaskazi. Kuanzia Novemba mpaka Machi bahari imetulia, kamba na samaki wapo, mkononi mna kitu. Mwezi wa sita hana. Ofisi humdai mwezi wa sita kwa sababu mwaka wa serikali unafungwa Juni 30 na wakubwa wanatafuta kufikisha lengo. Mpeni mvuvi na nahodha kadi ya msimu: alipe kaskazi ada za mwaka mzima, kwa kiwango kile kile, bila senti moja zaidi. Wengi watalipa, kwa sababu ni heri kutoa ukiwa nacho kuliko kufuatwa ukiwa huna. Hilo linahitaji mstari mmoja tu katika Mswada wa Fedha.

Tembea uone mali ya kaunti inayolala

Siku nyingine msihesabu vyombo, tembeeni. Andikeni kila kitu kilicho mali ya umma na hakifanyi kazi: kibanda kilichofungwa, nyumba ya watumishi iliyohamwa, trekta lililosimama, mashua yenye injini iliyofunikwa turubai. Chumvi ya hewa yetu haisubiri. Injini ya boti iliyosimama mwaka mmoja bado ina mnunuzi. Ikisimama mitano ni chuma cha kilo. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 ina utaratibu wa kuuza vitu hivi, kwa mnada au zabuni, kupitia kamati. Msiombe "kaunti iuze mali". Ombeni orodha ya vitu vilivyokwisha kazi na tarehe ya mnada, kila mwaka, kabla havijaliwa na kutu.

Vibanda vya soko ndivyo vyenye utamu zaidi. Soko moja nililolifanyia kazi, vibanda viligawiwa zamani kwa kodi ndogo. Waliogawiwa wengi hawakuwa wanauza kitu. Waliwapangisha wengine. Mama mmoja muuza mchicha na ndizi alikuwa akimlipa mwenye karatasi mara nne ya kile ambacho ofisi ilikuwa ikipokea. Nilimuuliza siku moja kama anajua kibanda ni cha nani. Akanijibu, "Si ni cha yule bwana." Hakujua kuwa ni cha umma. Piga hesabu mwenyewe: mama yule angepewa kibanda moja kwa moja, alipe nusu ya alichokuwa akilipa, ofisi ingepata maradufu. Mwuzaji anapunguziwa, kaunti inaongezewa, na anayekosa ni yule wa katikati tu aliyekuwa akivuna asipopanda.

Ukitaka kujua kama soko lenu liko hivyo, usianzie ofisini. Nunua ndizi. Rudi kesho ununue tena. Siku ya tatu muulize muuzaji kodi ni kiasi gani na humlipa nani. Kisha linganisha na jedwali la Sheria ya Fedha. Na ukipeleka jambo hili kikaoni, omba kwa maandishi kwamba anayeuza sasa apewe haki ya kwanza, la sivyo kibanda kitapokonywa mama kikapewa bwana mwingine mwenye karatasi mpya.

Majina, tanga na kuta

Miji mingine huuza jina. Mamlaka ya usafiri ya New York mwaka 2009 ilikubaliana kuongeza jina la benki kwenye kituo cha treni cha Brooklyn kwa dola 200,000 kila mwaka kwa miaka 20. London ilipojenga gari la waya la kuvuka mto Thames, lililofunguliwa 2012, shirika la ndege lililipia jina lake liwekwe kwa mkataba wa paundi milioni 36 kwa miaka 10. Hakuna abiria aliyeongezewa nauli kwa ajili hiyo.

Kwetu hapa lipo la kufanya na lipo la kukataa. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kilichouingiza ni kuta zake, milango yake na vichochoro vyake. Bango la soda kwenye ukuta wa usita wa pwani, ile njia ya mbele ya bahari, ni kuuza ng'ombe kwa bei ya maziwa. Nikiona mtu analeta pendekezo hilo, nitasimama kikaoni nilikatae, hata kama lina pesa. Lakini tanga la jahazi siku ya mashindano? Tanga hushushwa jioni, na ukuta haukuguswa. Mbio za punda, mashindano ya kuogelea, bao na dama wakati wa tamasha, haya yote yaweza kuwa na mdhamini anayelipia taka, maji na walinzi, mambo ambayo kaunti huyalipia kutoka mfukoni mwake. Maulidi msiyatie kwenye hesabu hii. Ni ibada, na yana wenyewe.

Upigaji wa picha za matangazo na filamu vilevile. Watu huja na vyombo vyao, wakapiga Shela na Langoni wiki nzima. Ulizeni katika jedwali la viwango kama kuna ada ya kupiga picha za biashara na kama kuna risiti iliyowahi kukatwa kwa ada hiyo.

Dai unachodaiwa

Hili watu hulisahau kwa sababu halina picha nzuri. Majengo na ardhi za serikali kuu hazitozwi kodi ya ardhi kama duka lako, lakini sheria inataka serikali kuu itoe mchango badala ya kodi hiyo. Kaunti yenye bandari, vituo vya ulinzi na ofisi nyingi za serikali kuu ina la kudai. Kudai kunahitaji orodha ya viwanja na daftari la thamani lililo hai. Bila hayo barua hurudi. Kwa hiyo pendekezo lenu liwe la pesa ndogo inayovuta kubwa: tengeni fungu la kuwalipa wathamini, kisha pelekeni madai kwa maandishi, kila mwaka, yenye namba za viwanja.

Hospitali nako kuna pesa zinazomwagika bila mtu kuona. Mpwa wangu ni muuguzi katika zahanati moja ya mwambao, sitaitaja. Kabla ya Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ilikuwa NHIF, sasa ni SHA, lakini kazi ni moja: mgonjwa akihudumiwa, kituo hudai malipo. Mpwa wangu aliniambia mafaili yao mengi yalikuwa yakirudi kwa kukosa sahihi au namba ya kitambulisho. Dawa imeshatumika, kitanda kimeshalaliwa, pamba imeshatupwa, na malipo hayaji kwa ajili ya kisanduku kimoja kitupu. Walipopata kijana mmoja wa kuangalia mafaili kila jioni kabla hayajatumwa, marejeo yalipungua hata yeye akashangaa. Mshahara wa kijana huyo ulijilipa wenyewe.

Ila jueni kwamba Sheria ya 2023 ya kuboresha fedha za vituo vya afya inataka pesa zinazokusanywa na kituo zibaki zikitumika kwenye kituo chenyewe. Msikubali kaunti izihesabu kama pesa za kujengea jingine. Faida yake kwa mfuko mkuu ni kwamba hospitali inayojitegemea kwa glovu na dawa haiombi kila wiki.

Mikoko, na kisiwa kimoja cha mbali

Kiko kisiwa Karibi kinaitwa Anguilla, watu wake kama 16,000. Zamani, mitandao ilipogawiwa alama za nchi, wao waliangukiwa na herufi mbili: ai. Hazikuwa na thamani yoyote ya kutajwa. Ghafla dunia ikawa inazungumza akili mnemba, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa kwa herufi hizo hizo, na makampuni yakapanga foleni kununua anwani zinazoishia nazo. Mwaka 2023 serikali ya Anguilla ilipata kama dola milioni 32 kwa anwani hizo, karibu sehemu moja katika tano ya mapato yake yote. Mvuvi wa huko hakuongezewa hata senti.

Vijana wakiniuliza herufi zetu sisi ni zipi, huwaonyesha upande wa pili wa mkondo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Babangu aliijua kwa boriti: mkandaa wa nyumba, mlilana wa mashua. Leo mikoko ina mnunuzi mwingine, anayelipa ili isikatwe, kwa sababu inafukia hewa ya kaboni katika tope lake. Si ndoto. Gazi na Makongeni, kule Kwale, mradi wao wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza vyeti vya kaboni tangu 2013 kwa hekta 117 tu, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za vijiji hivyo.

Hapa nataka mwende polepole, kwa sababu ndipo watu huumizwa. Misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu 1932, kwa hiyo mazungumzo yoyote yatakuwa na Shirika la Huduma za Misitu ndani yake. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa 2023: miradi ya ardhini ni lazima jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na isiyo ya ardhini asilimia 25. Swali la kwanza la kuuliza, kabla ya chai na kabla ya picha, ni mradi huu unaandikwa fungu gani. Tofauti ya 40 na 25 ni madarasa ya watoto wenu. La pili: mkataba wa maendeleo ya jamii uko wapi, na uko kwa Kiswahili? La tatu: wakata boriti na wavuna kaa wataishije? Mradi unaomfukuza mkata boriti bila kumpa kazi nyingine umemtoza kodi nzito kuliko ya duka lolote.

Na msiahidi watu pesa mwakani. Kupima, kusajili na kukaguliwa huchukua miaka. Kaunti ikiandika mapato ya kaboni kwenye bajeti ya mwaka huu ili kusawazisha hesabu, pingeni. Lengo la uongo huzaa madeni ya kweli kwa makandarasi wadogo.

Njia ambayo ni mtego

Kila miaka michache hutokea mtu mwenye suti akasema: nikodisheni gati lenu, au soko lenu, au maegesho yenu, niwape pesa nyingi leo. Msikilizeni, halafu wasimulieni habari za Chicago.

Desemba 2008 jiji la Chicago lilikodisha mita zake za maegesho ya barabarani, kama 36,000, kwa miaka 75, likapewa dola bilioni 1.15. Madiwani walipitisha mkataba huo siku chache tu baada ya kuonyeshwa. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji lenyewe alisema jiji lilipata pungufu ya dola milioni 974 ya thamani yake. Ada za maegesho zilipanda haraka, mitaani kutoka robo dola hadi dola moja kwa saa. Na jiji likifunga barabara kwa ajili ya sherehe au ujenzi, humlipa mwekezaji kwa mita zisizotumika. Pesa zenyewe ziliisha kwa sehemu kubwa miaka michache tu baadaye, wakati mkataba unaendelea mpaka miaka ya 2080.

Sasa lifikirini gati letu katika mkataba wa namna hiyo. Mji ukijaa wageni wa Maulidi, usita wa pwani ukafungwa, kaunti ingemlipa mtu kwa sababu sisi tumesherehekea kwetu.

Sisemi ubia wote ni mbaya. Sheria ya ubia wa serikali na sekta binafsi ya 2021 ipo, na chumba cha barafu cha samaki chaweza kujengwa na mwekezaji kikawafaa wavuvi. Lakini ulizeni mambo haya na majibu yaandikwe: miaka mingapi, na mtoto wangu atakuwa na umri gani utakapokwisha? Nani hupandisha bei? Biashara ikiwa kubwa kuliko tulivyodhani, ziada ni ya nani? Tukitaka kutoka, tunatoka kwa kiasi gani? Na muda wa kuusoma uwe angalau mwezi, kwa Kiswahili, kila wadi, kuanzia Kiunga mpaka Witu. Mkopo nao, Kifungu cha 212 hakiiruhusu kaunti kukopa bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Kizuizi hicho kimetuokoa na mengi.

Kupeleka

Mawazo mazuri mengi hufa kwa kufika yamechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha ni Februari 28. Makadirio ya bajeti ni Aprili 30. Mswada wa Fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi. Mnaotaka kubadilisha zamu za makarani au kuuza chakavu, nendeni kabla ya Septemba, maana hayo ni mipango. Kadi ya msimu na vibanda vinangoja Mswada wa Fedha.

Kabla hamjaandika, pateni ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, inayotolewa kila robo mwaka. Humo mtaona kaunti ililenga kiasi gani cha mapato yake na ikakusanya kiasi gani. Mkitaka hesabu za gati moja moja, andikeni ombi kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016; ofisi ina siku 21 za kujibu. Hakuna haja ya wakili.

Waraka wenu usizidi kurasa mbili. Mwanzoni tarehe na majina ya walioandika, kisha mlichokiona, mlichokihesabu, mnachoomba, na kifungu cha mswada mnachotaka kiandikwe vipi. Jedwali la daftari la gati liambatishwe nyuma. Andikeni kwa Kiswahili: Kifungu cha 7 kimeifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi, na hakuna karani wa bunge mwenye haki ya kuukataa. Chapisheni nakala tatu. Moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa mwakilishi wa wadi yenu, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani. Wasipowajibu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni, na karatasi ile yenye muhuri ndiyo mtakayoanza nayo.

Daftari langu la kwanza bado ninalo, lile la mashua nne nilizozikosa. Kijana mwenye kutaka kuona safu zilivyochorwa aje barazani baada ya Laasiri, isipokuwa siku za bamvua. Siku hizo nipo gatini.